Zulia, Leso na Haja Ndogo: Uchambuzi wa Kisa cha Mbwa Mdogo wa Ghorofani

Kisa hiki ni cha fleti moja ya ghorofa ya tatu huko Nyali, Mombasa, na kinahusu mbwa jike wa aina ya Maltese, kwa jina Pamba, aliyekuwa na umri wa miezi mitano na uzito wa kilo mbili na ushei nilipoitwa kumtazama. Wenye nyumba ni mume na mke, wote waajiriwa, wenye watoto wawili wa shule ya msingi. Pamoja nao anaishi dada wa kazi, Mwislamu kutoka Kwale, ambaye ndiye peke yake anayeshinda nyumbani kuanzia asubuhi hadi watoto warudi shule. Lalamiko nililopewa kwenye simu lilikuwa moja tu: mbwa anakojoa kwenye zulia la sebuleni, amekatazwa kwa kila njia, na hasikii. Mama mwenye nyumba aliongeza kwamba aliyemuuzia alimhakikishia kuwa mbwa wa aina hii ni wa ndani kwa asili na hana haja ya kufundishwa, dai ambalo wauzaji hulipenda sana ingawa hakuna mbwa anayezaliwa akijua kutofautisha zulia na nyasi.

Jambo la kwanza nililoomba halikuwa la mafunzo. Niliwataka wampeleke kwa daktari wa mifugo apimwe mkojo, kwa sababu mbwa jike mchanga anayekojoa kidogo kidogo na mara nyingi huenda ana maambukizi ya kibofu, na hakuna ratiba wala zawadi inayoweza kutibu maambukizi. Daktari alikuta mkojo ni safi, akampa dawa ya minyoo, akatoa kupe wawili waliojificha nyuma ya sikio, na akaandika kwamba meno ya utotoni yalikuwa katikati ya kubadilika. Maneno hayo ya mwisho kuhusu meno hakuna aliyeyatilia maanani nyumbani, nayo ndiyo yaliyokuja kuwa na uzito.

Familia ilikuwa imejaribu yale ambayo watu wengi hujaribu. Walimpeleka mbwa kwenye unyevunyevu wa zulia, wakamsukuma pua humo, wakampiga kofi jepesi kwa kandambili, wakamfungia nje. Mama alinieleza kuwa Pamba anajua vizuri kwamba amekosa, kwani kila anaporudi kazini na kukuta doa, mbwa huinamisha masikio na kuingia chini ya kochi. Maelezo haya nimeyasikia katika nyumba nyingi, na yanashawishi mpaka mtu ayachunguze. Mwaka 2009 Alexandra Horowitz wa Chuo cha Barnard, New York, alichapisha jaribio ambamo wenye mbwa waliambiwa, pengine kwa kweli na pengine kwa uongo, kwamba mbwa wao amekula kitu alichokatazwa. Ile sura ya hatia ilitegemea kama mwenyewe alimkemea, wala haikutegemea kama mbwa alikula au hakula. Pamba, basi, hakuwa akikiri kosa. Alikuwa akisoma uso wa mama, akiona doa na mama vikikutana mahali pamoja, na akikumbuka kandambili.

Adhabu ya namna hiyo ina hasara ambayo haionekani siku ile ile. Mbwa hawezi kuunganisha pigo la saa kumi na moja na mkojo wa saa kumi, lakini anaweza kuunganisha mtu, mkojo na maumivu, na hitimisho analolipata ni kwamba si salama kukojoa mbele ya watu. Kuanzia hapo hujificha: nyuma ya pazia, nyuma ya kochi, kwenye kona ya chumba cha watoto. Na mbwa anayejificha kukojoa hawezi kupewa zawadi anapokojoa mahali panapofaa, kwa kuwa ukitoka naye atakushikilia mkojo wake mpaka mrudi ndani na umgeuzie mgongo. Pamba alikuwa amefika hapo. Baba alilalamika kwamba alikuwa akimteremsha chini kwenye bustani ya jengo kwa nusu saa nzima bila matokeo, kisha anakojoa sebuleni dakika mbili baada ya mlango kufungwa.

Kuna jambo jingine linalohusu mbwa wadogo peke yao. Utafiti wa Vienna, Austria, uliochapishwa mwaka 2010 na uliokusanya majibu ya wenye mbwa zaidi ya elfu moja, ulionyesha kuwa wenye mbwa wadogo huwa na msimamo unaobadilika zaidi katika kuwashughulikia, na kwamba adhabu za mara kwa mara kwa mbwa wadogo ziliambatana na woga na wasiwasi kuliko kwa wakubwa. Ukifika majumbani huhitaji kuambiwa sababu. Mbwa wa kilo arobaini akikojoa sebuleni, nyumba nzima huitisha kikao. Wa kilo mbili akikojoa, mmoja hupangusa kwa tishu, mwingine hucheka, wa tatu hupiga, na kila mmoja huamini kwamba ameshughulikia.

Niliomba nikae nyumbani siku ya kazi wakati wenye nyumba hawapo, na hapo ndipo kisa kilipobadilika sura. Saa mbili kasorobo asubuhi, baada ya basi la shule kuondoka, dada alimwita Pamba kwa bakuli la chakula hadi kwenye ua mdogo wa kufulia nyuma ya jikoni, akafunga mlango wa wavu, na mbwa akabaki humo hadi karibu saa kumi alasiri. Sakafu ni ya saruji. Alikula humo, akalala humo, akakojoa na kunya humo humo, akabweka mpaka jirani wa ghorofa ya juu akagonga bomba. Watoto waliporudi walimfungulia, naye akatoka kama risasi, akazunguka meza, akafukuzwa kwa vicheko, na kabla viatu vya shule havijavuliwa alikuwa amekwisha kuchuchumaa katikati ya zulia. Hakuna kilichonishangaza katika kuchuchumaa kule. Mbwa aliyefungiwa kwa muda wa saa nane, akafunguliwa kwa ghasia, hukojoa pale miguu yake inapohisi kitu laini kinachofyonza, na katika sebule yenye vigae vitupu kitu hicho ni kimoja.

Mama, nilipomweleza, alijibu kwa kukata tamaa kwamba dada hapendi mbwa, na kwamba hilo hana la kulifanya. Nilimwomba ruhusa ya kuzungumza na dada mwenyewe, na dada akakanusha moja kwa moja. “Mama anadhani namchukia,” alisema, “lakini huyu mbwa mimi sina ugomvi naye. Ila ananishika leso kwa meno, mate yanaingia, na mimi nina sala tano.” Waislamu wengi wa pwani hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mate ya mbwa, na mwili wake ukiwa majimaji, kuwa najisi nzito: kilichoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yenye udongo. Alikuwa ameweka ndoo na kopo la udongo pembeni mwa ua wa kufulia kwa kazi hiyo, na wiki zilizopita alikuwa akibadilisha na kuosha leso zaidi ya moja kwa siku, juu ya kufua nguo za nyumba nzima. Kumfungia Pamba ndiyo njia aliyoipata ya kumaliza kazi zake na kusali kwa wakati. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Nilimwona Pamba akifanya kitendo chenyewe kabla hajafungiwa. Dada alikuwa akipita na ufagio, pindo la leso likicheza juu ya vigae kwa kila hatua. Mbwa alijiinamisha mbele, akainua matako, akaruka na kuling'ata, akatikisa kichwa. Dada alipiga ukelele na kukimbilia jikoni, na pindo likakimbia mbele ya mbwa vile vile kama kitambaa cha kuchezea. Mbwa wa miezi mitano ambaye meno yanamtoka anatafuta cha kutafuna, na hapa alipewa kitu kinachotembea, kinacholia na kinachokimbia. Hakuwa mkali hata kidogo. Alikuwa akicheza mchezo ambao kila mara aliushinda.

Kwa hiyo mfuatano wa mambo ulikuwa huu: meno yalileta kung'ata leso, kung'ata kulileta najisi, najisi ilileta kufungiwa, kufungiwa kulimzoesha mbwa kukojoa pale pale anapolala na kumnyima yeyote nafasi ya kumwonyesha mahali pengine, na jioni zulia lilivuna matokeo ya siku nzima. Familia ilikuwa ikipambana na kiungo cha mwisho cha mnyororo. Ningewapa ratiba ya haja kama walivyotaka, ratiba hiyo ingemwangukia mtu ambaye hakuwa na namna ya kuitekeleza, na baada ya mwezi ningeitwa tena kuambiwa kwamba mbwa hafundishiki na dada hatii.

Tulianza na leso. Geti fupi la watoto liliwekwa kwenye mlango wa jikoni ili Pamba amwone dada na asikie sauti yake bila kufikia pindo. Dada alipewa kopo lenye vipande vya kuku wa kuchemsha bila chumvi wala kitunguu, kila kipande kisichozidi punje ya choroko. Udogo huo una sababu. Mbwa wa uzito huu huhitaji takriban kalori mia mbili na kidogo kwa siku nzima, na vipande kumi vya ukubwa wa kidole ni mlo kamili utakaomfanya akatae chakula chake au anenepe. Kila Pamba alipotulia upande wa pili wa geti miguu yote minne ikiwa chini, dada alimrushia kipande sakafuni. Hakulazimika kumgusa wala kulambwa kiganja, na mkono mkavu ukitupa chakula kutoka juu haukutani na mate. Suala hili alikuwa amekwisha kumuuliza ustadhi wake kabla yangu, akajibiwa kwamba kukavu kwa kukavu hakuna tatizo.

Kwa upande wa meno, mama aliweka vitambaa vizito vilivyoloweshwa, vikasokotwa na kugandishwa kwenye friji, na watoto wakawa na kazi ya kucheza navyo na Pamba kila jioni, wakiketi chini na mikono yao wakiiweka mbali, na mchezo ukikoma papo hapo jino likigusa ngozi au nguo. Dada alipolazimika kupita sebuleni alikunja leso hadi juu ya vifundo na kutembea polepole. Pamba akilifuata pindo, alisimama tuli kimya mpaka mbwa apoteze hamu, kisha akarusha kipande mbali, upande wa nyuma wa mbwa. Kusimama tuli ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote, na siku za mwanzo Pamba alizidisha kung'ata kabla ya kuacha, kama ilivyo kawaida ya tabia iliyozoea kulipwa inapokosa malipo ghafla. Niliwaonya mapema juu ya kipindi hicho, maana wengi huacha zoezi hapo hapo, na mbwa hujifunza kwamba akizidisha atashinda.

Mahali pa haja tulipachagua roshani, si bustani ya chini. Nafahamu kwamba wafugaji wengi hupinga kumfundisha mbwa kujisaidia ndani ya eneo la nyumba, na kwa mbwa mkubwa nakubaliana nao. Lakini kwa kadiri ya kawaida mbwa mchanga huweza kuzuia mkojo takriban saa moja kwa kila mwezi wa umri wake, na mbwa mdogo mara nyingi hafikii hata hapo. Kati yake na bustani kulikuwa na ngazi za ghorofa tatu na mtu mmoja mwenye chungu jikoni. Tuliweka trei pana yenye nyasi bandia kwenye kona ya roshani iliyo mbali na jua la mchana. Ua wa kufulia ulifungwa kabisa kwa mbwa, ukaoshwa, ukarudi kuwa wa kufulia.

Badala yake Pamba alipewa uzio mwepesi wa waya sebuleni, wenye kitanda, maji na kitu cha kutafuna, mkubwa kiasi cha kujinyoosha na kugeuka, na usio na nafasi ya kugeuza kona moja kuwa choo. Zulia lilikunjwa na kuwekwa juu ya kabati. Mama alilichukulia jambo hili kama kushindwa, na ilibidi nimweleze kwamba kila mara mbwa anapokojoa pale anaimarisha desturi, na kuondoa zulia ni sehemu ya mafunzo kama zilivyo zawadi. Madoa ya zamani yaliyopenya kwenye kochi yalisafishwa kwa dawa yenye vimeng'enya vinavyovunja mabaki ya mkojo. Walikuwa wakitumia dawa ya klorini, ambayo huondoa rangi na kumridhisha mwenye pua ya binadamu, lakini haimzuii mbwa kuinusa ile alama yake, na zaidi ya hayo ikichanganyika na mkojo hutoa mvuke mbaya kwa mapafu ya watu na ya mnyama.

Ratiba yenyewe dada aliipanga mwenyewe, na aliipanga vizuri kuliko ningeipanga mimi. Hakutaka kengele ya simu. Alisema siku yake imekwisha kugawanyika, akaweka zamu za mbwa kabla ya kutawadha, ili kama mate yatamgusa awe na nafasi ya kujitoharisha: kabla ya sala ya alfajiri, kabla ya adhuhuri, kabla ya alasiri, kabla ya magharibi na kabla ya isha. Kwa mbwa wa umri ule zamu hizo hazitoshi, hivyo tukaongeza kila baada ya kuamka, kila baada ya chakula na kila baada ya mchezo. Milo ilibaki mitatu kwa siku kwa saa zisizobadilika. Baba alipendekeza apunguziwe maji na chakula ili akojoe kidogo. Nilikataa, kwa sababu mbwa wachanga wa aina ndogo hushuka sukari mwilini kwa urahisi wakikosa kula, na joto la Mombasa halina mzaha na kiumbe mwenye manyoya marefu.

Zamu ilikuwa fupi. Dada alifungua uzio, akarusha kipande kimoja kuelekea roshani, mbwa akakifuata, mlango ukafungwa nyuma yao, dada akasimama bila kusema neno. Pamba alipochuchumaa kwenye nyasi dada alisema “haya, haya” kwa sauti ile ile, na mara tu alipomaliza, katika sekunde moja au mbili, kipande cha kuku kilidondoka kwenye nyasi zenyewe. Hapa masharti ya dini yalisaidia mbinu. Wengi wanaotoa zawadi kwa mkono humfanya mbwa akatishe mkojo nusu ili aukimbilie mkono, kisha wanashangaa anamalizia ndani. Kipande kinachoanguka pale pale mbwa aliposimama hakimpi sababu ya kuondoka. Asipokojoa ndani ya dakika tano alirudi kwenye uzio bila kukemewa, na baada ya robo saa akatolewa tena. Uhuru wa kutembea sebuleni alipewa baada ya kukojoa tu.

Siku za mwanzo alishikilia mkojo kama alivyozoea kumfanyia baba. Kilichomfungua ni kwamba dada hakuwa amewahi kumpiga. Ni wenye nyumba waliokuwa na kandambili mkononi. Mbele ya dada alikojoa kabla wiki haijaisha, mbele ya watoto baadaye kidogo, na mbele ya mama baada ya muda mrefu zaidi, tena kwa sharti kwamba mama akae na kutazama upande mwingine. Jambo hili lilimuumiza mama, na sikuona busara ya kumfariji kwa maneno matamu.

Maendeleo hayakwenda kwa mstari. Mvua za masika zilipoanza kupiga roshani, Pamba aligoma kukanyaga nyasi zilizolowa, akarudia sebuleni kwa siku kadhaa mpaka trei ikasogezwa chini ya paa. Nyanya wa watoto alikuja kukaa, akawa anamrushia vipande vya chapati kila anapobweka mlangoni, na kubweka ambako kulikuwa kumepungua kukarudi na nguvu, kwa sababu malipo ya mara moja moja yasiyotabirika huifanya tabia ing'ang'anie kuliko malipo ya kila mara. Hakuna aliyethubutu kumkataza nyanya. Tulichofanya ni kumpa yeye lile kopo la kuku na kumwomba arushe pale mbwa anaponyamaza, na alilipenda jukumu hilo kuliko wote.

Tatizo moja nilitaka familia ilitenge na mengine. Pamba alikuwa akidondosha matone ya mkojo kila baba anapoingia jioni, amejilaza chali, mkia ukipiga sakafu. Huko si kukosa mafunzo ya haja. Ni msisimko na kujinyenyekeza vinavyolegeza kibofu, na hutokea zaidi kwa mbwa jike wachanga. Kukemea kunaongeza, na kumwinamia kwa shangwe kunaongeza vile vile. Baba alishauriwa aingie bila kumtazama, aweke mkoba, aelekee roshani moja kwa moja, na amsalimie huko akiwa amechuchumaa upande. Mbwa wengi wenye tabia hii huiacha wanapokomaa.

Lipo suala la kazi ambalo niliona ni wajibu kulisema, ingawa si la mbwa. Makubaliano ya dada na wenye nyumba yalihusu usafi, mapishi na watoto. Mbwa aliletwa baadaye kama zawadi ya siku ya kuzaliwa ya mtoto, na kazi yake ikamwangukia dada bila kutajwa. Kumfundisha mbwa mchanga haja ni kazi halisi, ya zamu kumi au zaidi kwa siku, na nyumba inayotaka ifanyike vizuri inapaswa kuihesabu na kuilipia. Mama alisikia, wakazungumza wao kwa wao, na mshahara ukaongezwa. Kiasi gani si juu yangu kukiandika.

Sasa Pamba ana meno yake yote ya utu uzima, isipokuwa chonge moja la utotoni ambalo halijaanguka, jambo la kawaida kwa mbwa wadogo, na daktari amepanga kuling'oa siku atakapofungwa kizazi. Zulia limerudi sebuleni, kwanza kwa saa za jioni tu na baadaye kwa siku nzima, na hulikanyaga bila kulikumbuka. Leso haziguswi. Kubweka mlangoni bado kupo. Mtoto mkubwa amenunuliwa mkanda wa kifuani kwa ajili ya kumtembeza mbwa chini, badala ya kola, kwa kuwa koo la mbwa wa kilo tatu halistahimili kuvutwa. Kinachoandaliwa hivi sasa ni likizo ya Idi, ambapo dada atakwenda kwao: mtoto huyo ameanza kufanya zamu zote za alasiri, dada akisimama mlangoni na kumrekebisha, na wiki ya mwisho kabla ya safari atafanya zamu za siku nzima kwa kopo lile lile, maneno yale yale na saa zile zile.